Kitambaa Juu ya Friji

Mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili, vitambaa na woga. Ungeuliza nyumba yake kwa lolote kati ya hayo mawili, ungeelekezwa na ungefika.

Tuanze na vitambaa, maana ndivyo vilivyomlisha. Alifuma kwa uzi na sindano yenye ncha ya ndoano, amekaa kwenye kiti kifupi kando ya dirisha, miguu kainyoosha, uzi ukitoka kikapuni wenyewe. Alifuma vya meza, vya mikono ya makochi, vya redio, vya televisheni, vya mitungi ya maji. Watu walimtania kwamba ukikaa kwake kimya muda mrefu utaondoka umefunikwa. Kitu kipya kikiingia nyumba yoyote ya mtaa ule, kabla hata hakijawashwa, mwenye nyumba alikuwa ameshatuma mtu: Mama Vitambaa aje apime. Naye alikuja na utepe shingoni, akapima kwa uso wa daktari, na baada ya siku chache kitu kile kilikuwa kimevishwa. Friji isiyo na kitambaa ilionekana kama mtu aliyetoka bila nguo. Hivyo ndivyo watu wa mtaa ule walivyovitunza vitu vyao, na hakuna aliyewahi kuuliza kama vitu vyenyewe vilipenda.

Woga, huo alizaliwa nao. Alipokuwa msichana mdogo alimsikia baba yake akisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wenzake walilisikia neno lile likapita, yeye akalifanya dini. Aliangalia kufuli, akaondoka, akarudi kuliangalia tena. Mvua ikinyesha alichomoa kila kitu ukutani, hata taa ya mezani ambayo balbu yake ilikuwa imeungua siku nyingi. Na alijua kupiga kelele. Aliwahi kuwaamsha majirani wote usingizini kwa nyoka aliyekuwa mpira wa kumwagilia maua. Aliwahi kumpigia yowe la mwizi mume wake mwenyewe, kosa la maskini yule likiwa kununua kofia mpya. Mumewe alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache na kikohozi cha saruji, na tangu siku ile kila akikaribia mlango alikohoa kwanza.

Sasa, duka la vyombo vya umeme la pale njia panda lilipata kuleta friji nyeupe, za kampuni moja, zote sawa kama mapacha. Bei yake ilivumilika, na watu wa mtaa walinunua kwa kuangaliana. Mama Vitambaa alinunua. Rafiki yake wa ukuta kwa ukuta, Msusi, naye alinunua. Muuzaji aliwakabidhi kila mmoja kadi ya waranti, akawasomea kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa: miaka miwili, kikiharibika chochote kwa kosa la kiwandani, kampuni itatengeneza au itabadilisha.

"Miaka miwili!" akasema Msusi. "Mume wangu hakunipa hata wiki mbili."

Msusi alikuwa mwanamke wa kucheka. Mume aliondoka siku nyingi, akamwachia watoto wa kulea na chumba cha mbele, na chumba hicho akakigeuza saluni. Mikono yake ndiyo iliyokuwa shamba lake. Ungemtazama akisuka usingeona vidole, ungeona tu nywele zikijipanga. Friji aliitaka kwa ajili ya wateja, wapate maji baridi na soda wakati vichwa vyao viko mateka. Mama Vitambaa alimfumia kitambaa, na hiki hakukiuza, alimpa. Kilikuwa cheupe, chenye maua ya bluu pembeni, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufuma. Kilifunika juu, kikateremka ubavuni, na nyuma kikashuka hadi katikati.

Friji yake mwenyewe ilikaa tupu. Kila siku alisema kesho atajifumia, na kila kesho kulikuwa na kitambaa cha mtu mwingine. Kinyozi hajinyoi.

Moto ulitokea asubuhi, watu wakiwa kazini na watoto shuleni. Mama Vitambaa alisikia kwanza mlio kama wa kitu kinachokaangwa, halafu sauti ya Msusi, halafu akamwona mteja akitoka mbio barabarani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama fagio. Moshi mweusi ulimfuata mlangoni. Mama Vitambaa alipiga yowe lake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake lilikuwa la kweli. Watu walikuja na mchanga na ndoo. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ulilamba ukuta wa nyuma ya friji na pazia na kiti kimoja, ukazimwa. Lakini Msusi alikuwa amepenyeza mkono nyuma ya friji ili achomoe waya, na plastiki iliyoyeyuka ikamganda vidoleni, mkono wa kulia.

Harufu ile ya plastiki inayoungua Mama Vitambaa hakuisahau. Alimshika rafiki yake begani mpaka gari lilipopatikana, na Msusi hakulia. Alikuwa akiutazama mkono tu, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Baada ya siku chache akaja mtu wa kampuni. Alikuwa kijana mtanashati, na mkoba wake wa ngozi hakuuweka chini hata alipoinama, ndipo mtaa ukamwita Bwana Mkoba. Aliingia saluni, akaipiga picha friji kutoka kila upande. Majirani walijaa mlangoni. Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja, mkono umefungwa bandeji nyeupe.

Bwana Mkoba akakiokota kitambaa. Kilikuwa kimeungua ukingo wa nyuma, maua ya bluu yamekuwa majivu.

"Hiki kilikuwa juu ya friji?"

"Kilikuwa," akajibu mtu mlangoni.

"Hadi nyuma?"

"Hadi nyuma."

"Nani alikifuma?"

 Walichofanya majirani ni kugeuza macho. Mama Vitambaa aliyahisi macho yale mwilini, moja baada ya jingine.

"Basi ni wazi," akasema Bwana Mkoba kwa upole. "Friji inapumulia nyuma, ndugu zangu. Ukiifunika, joto linakosa pa kutokea, inaungua. Waranti inahusu makosa ya kiwandani, haihusu mambo ya watumiaji. Kampuni inasikitika sana, lakini hapa haina deni. Aliyeweka kitambaa ndiye wa kuulizwa."

Mama Vitambaa alimtazama Msusi. Alitaka aseme chochote, hata tusi. Msusi aliinamisha uso, akawa anahesabu nyuzi za bandeji.

Kuanzia hapo hofu ikahamia nyumbani kwake na mizigo yake yote. Woga aliokuwa nao siku zote ulikuwa wa mambo ambayo huenda yangetokea. Huu ulikuwa wa jambo lililokwisha kutokea, lenye mkono uliofungwa bandeji, upande wa pili wa ukuta. Alikuwa akiukuna ukuta ule kwa kucha bila kujua. Je, ni mimi niliyemchoma? Swali hilo lilimwamkia asubuhi kabla hajafumbua macho. Zawadi yangu ndiyo iliyomchoma?

Akaanza kufikiria friji nyingine. Zilikuwa nyingi mtaani, zote zimevaa kazi ya mikono yake, na ndani ya kila nyumba mlikuwa na watu wanaolala. Alitoka na kikapu akaenda mlango kwa mlango, kitenge kimemlegea, akisema, "Samahani, naomba kitambaa changu. Naomba. Nitakurudishia ulichonilipa." Wengine walimpa kimya kimya. Wengine walikuwa wameshavitoa wenyewe na kuvirundika nje, kama nguo za mgonjwa. Bibi mmoja aligoma kabisa, akasema kitambaa chake kiko kwenye redio, na redio yenyewe haijawahi kuongea tangu uhuru, itaungulia nini? Mama Vitambaa alimbembeleza mpaka akalia, bibi akamwachia, si kwa kuogopa moto bali kwa kuogopa machozi.

Akavirundika vyote chumbani, lundo likafika dirishani. Mwashi alirudi kazini, akakohoa, akaingia, akalitazama.

"Mama watoto, tutalala wapi?"

"Usinifanyie utani leo, baba watoto. Tafadhali."

Akakaa kitandani pembeni yake. Hakuwa mtu wa kujua la kusema, basi akamshika kidole kimoja, kile chenye sugu ya sindano, wakakaa hivyo mpaka giza lilipoingia.

Sindano hakuishika tena. Kila alipojaribu, mishono ilimpotea. Kwa Msusi alienda akapiga hodi, akasikia miguu ikisogea ndani, kisha ikasimama. Mlango haukufunguliwa. Alirudi kwake akiwa na hakika kwamba amehukumiwa, na aliyemhukumu ana haki. Mtaani nako maneno hayakukosa: kwamba Msusi atamshtaki, kwamba kampuni itamshtaki, kwamba watashtaki wote wawili na nyumba itauzwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na yeye alilisubiri lije. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilikuwa la polisi.

Siku moja, akiwa jikoni anaosha vyombo, aliisikia harufu.

Alisimama na sahani mkononi, maji yakimchuruzika viwikoni. Aliijua. Ilikuwa ileile ya asubuhi ya saluni, ila changa. Aliifuata kama anayefuata mtu ambaye hataki kumkuta, ikampeleka kwenye friji yake, ikampeleka nyuma yake, chini, pale waya unapoingia kwenye mota. Pale palikuwa na doa la hudhurungi, kama alama ya pasi iliyosahauliwa kwenye shati. Plastiki ilikuwa imevimba.

 Alichomoa waya ukutani kwa ncha ya mti wa ufagio, akakimbilia uani, akasimama huko na ufagio wake mpaka Mwashi alipokohoa mlangoni.

Mwashi aliinama, akatazama doa. Akainuka, akatazama juu ya friji. Palikuwa na kikombe chenye kalamu na vumbi kidogo, basi.

"Hii hujaifumia," akasema.

"Sijapata nafasi."

"Ndiyo nasema. Haina kitambaa."

Alichukua muda kuelewa. Hofu ikikaa sana kichwani haiachi nafasi ya wageni. Halafu akaelewa, akakaa sakafuni hapohapo. Friji tupu, isiyofunikwa hata na leso, ilikuwa inaungua mahali pamoja na ile ya Msusi. Alitaka kufurahi akashindwa, maana hakuamini. Labda na hii ana kosa nayo. Labda aliisogeza sana ukutani, labda aliipangusa kwa maji.

Alifanya jambo ambalo mwoga yeyote angefanya: akatafuta wa kumkabidhi hofu yake. Akachukua kadi ya waranti, akapiga simu kwenye kampuni, akasema friji yake inanuka moto. Aliulizwa anakaa mtaa gani. Akautaja. Upande wa pili akasikia watu wakinong'onezana, kisha akaambiwa asubiri nyumbani, asiiguse.

Kesho yake gari la mizigo lilisimama mlangoni. Bwana Mkoba alishuka, na wapagazi wawili wenye misuli, na friji mpya, kubwa zaidi, bado imefungwa nailoni. Mwashi alikuwa ameshakwenda kazini. Bwana Mkoba hakuwa na ule uso wa saluni. Huu wa leo ulikuwa wa mkwe anayekuja kuposa.

"Mama yangu, shikamoo. Pole sana kwa usumbufu. Kampuni yetu inatimiza waranti bila maswali. Tunakuachia mpya, tunachukua ya zamani."

"Mmeiangalia?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hamtaki kujua ina nini?"

"Tutaiangalia kiwandani. Wewe pumzika tu."

Wapagazi walishaingia. Mmoja alikuwa anaizungushia kamba friji ya zamani. Mama Vitambaa alisimama katikati ya chumba chake, akaona jinsi mambo yatakavyokuwa mepesi. Atakuwa na friji mpya. Doa litaondoka. Na upande wa pili wa ukuta mkono wa Msusi utabaki pale pale, na kitambaa ndicho kitakachobaki na lawama.

"Na ya jirani yangu?" akauliza. Hakujua neno lile limemtokaje.

Bwana Mkoba alisogea karibu, akapunguza sauti. "Mama, mambo ya jirani tumeyafunga. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukiyafungua wewe, swali la kwanza litakuwa kitambaa cha nani. Umenielewa?"

Alimwelewa vizuri sana.  Jasho la baridi lilimtoka kwapani na mgongoni, na miguu ikamwambia akae, na kichwa kikamwambia anyamaze, na maisha yake yote, kufuli zote na balbu zote, yakamwambia kwa mwoga huenda kicheko. Wapagazi waliinua. Friji ikaelea juu ya sakafu, ikaanza kwenda mlangoni.

Angekuwa shujaa angesimama mlangoni akatanua mikono. Hakuwa shujaa. Alifanya kitu pekee alichokijua katika maisha yake tangu azaliwe. Alivuta pumzi, akafumba macho, akapiga yowe:

"Moto! Jamani, moto! Moto!"

Wapagazi waliidondosha friji kizingitini, ikaziba mlango. Bwana Mkoba alisema "Mama, mama, mama," lakini hakuna anayeweza kuliingilia yowe la Mama Vitambaa likishashika njia. Zamani watu wangecheka, wangesema ni yule na nyoka wake wa mpira. Lakini mtaa ule ulikuwa umeshaona moshi, na neno lile halikuwa tena mchezo. Milango ilifunguka. Watu walikuja na ndoo, na mchanga, na mablanketi yaliyoloweshwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Msusi. Alipitia mlango wa uani, miguu mitupu, ndoo ya mchanga ameikumbatia kwa mkono wa kushoto, wa kulia na bandeji yake ameuinua juu, uso umempauka. Mtu aliyeungua mara moja akakimbilia moto kwa mara ya pili. Aliimwaga ile ndoo kwenye friji bila kuuliza, mchanga ukamwingia Bwana Mkoba kwenye viatu.

"Uko wapi moto? Mama Vitambaa, umeungua? Uko wapi?"

Mama Vitambaa alinyoosha kidole chini, nyuma ya friji.

Msusi aliinama. Watu nao wakainama dirishani na mlangoni, mmoja juu ya mabega ya mwingine, wakaliona doa na plastiki iliyovimba. Kisha wakatazama juu yake, wakaona kikombe na kalamu vimeanguka, hakuna kingine. Yule bibi wa redio ndiye aliyesema kwa sauti.

"Hii mbona haina kitambaa?"

Friji haikuondoka siku ile. Watu walikaa kwenye kizingiti, wengine juu ya friji yenyewe, mpaka gari la mizigo likawasha injini na kuondoka. Mwalimu mmoja wa mtaani alijua ofisi ya serikali inayowalinda walaji, na ndiye aliyepeleka habari. Wakatumwa wakaguzi, wakaichukua ile ya Mama Vitambaa, wakaichukua na iliyoungua ya Msusi, wakapita wakazikagua na nyingine, zilizofunikwa na zisizofunikwa. Madoa yalikutwa kwa hizi na hizi.

Siku ya kusikilizwa walikaa chumba kimoja chenye meza ndefu. Mkaguzi mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, anayeongea polepole kama anayemlisha mtoto. Bwana Mkoba alikuja na wakili. Mama Vitambaa alikaa karibu na mlango, mahali pa kukimbilia, na mikono yake aliikalia ili isitetemeke hadharani. Msusi alikaa pembeni yake. Walikuwa hawajazungumza bado, si mazungumzo ya kweli.

Wakili alisema mengi kuhusu vitambaa. Mkaguzi akamsikiliza hadi mwisho.

"Waranti ni ahadi," akasema. "Mlitoa wenyewe, mkaiandika, mkauzia watu kwa ahadi hiyo. Sheria haiwaruhusu kuikana kwa kusema mteja alifanya hiki au kile. Mnatakiwa mwonyeshe kwamba hicho alichofanya ndicho kilicholeta moto. Si kazi ya mteja kuonyesha kwamba hakikuleta. Mmeonyesha?"

Wakili akafungua makaratasi, akayafunga.

"Na mlipojua kuna hatari, mlitakiwa mziite friji zote zirudi. Ninyi mlienda kuibeba moja kimya kimya." Akamgeukia Msusi. "Dada, wewe ulikuwepo. Moto ulianzia wapi?"

"Chini. Kwenye waya, unapoingia."

"Na kitambaa?"

"Kilishika mwishoni. Moto ulipanda ukakikuta."

"Uliliona hilo kwa macho yako?"

"Niliona."

"Siku ileile?"

Mama Vitambaa aligeuza shingo. Msusi alikuwa akitazama meza.

"Siku ileile," akasema. "Huyu bwana alikuwa ameshanifuata hospitali kabla hajafika saluni. Akaniambia kama si kitambaa, basi ni maji ninayomwaga nikiosha vichwa vya watu, kosa litakuwa langu. Kikiwa kitambaa, kampuni itanisaidia matibabu kwa huruma tu. Nilikuwa na watoto nyumbani na mkono umekufa. Niliogopa. Nikanyamaza."

Mama Vitambaa alihisi kitu kikipanda kifuani, akadhani ni hofu, maana ndiyo aliyoizoea. Haikuwa hofu. Ilikuwa hasira, na ilimshangaza kwa ukali wake. Siku zote zile, lundo lile la vitambaa, mlango ule uliokataa kufunguka, na mwenzake alikuwa anajua. Kikulacho ki nguoni mwako. Kampuni iliamriwa izirudishe friji zote, itoe mpya au fedha, imtibu Msusi na kumfidia, na watu wakapiga makofi. Yeye hakusikia. Aliondoka peke yake kwa miguu, na hakuogopa gari hata moja njiani.

Watu walivirudia vitambaa vyao mmoja mmoja, kwa aibu, wakichekacheka. Aliwapa. Msusi alikuja akapiga hodi, na safari hii miguu iliyosogea ndani kisha ikasimama ilikuwa ya Mama Vitambaa. Hakufungua. Alikuja tena. Hakufungua. Mwashi alikohoa kwa maana, akaambiwa akakohoe nje.

Ilikuwa baadaye sana, kovu limeshakauka, Mama Vitambaa alipomwona Msusi kupitia dirisha. Alikuwa amekaa barazani kwake na kichwa cha mwanawe magotini, anajaribu kusuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikujikunja. Nywele zilimponyoka, akazishika upya, zikamponyoka. Mtoto alivumilia bila neno. Msusi akaacha, akaufunika mkono kwa kanga kama kitu cha aibu.

Mama Vitambaa alijua kufunika. Akamtazama muda mrefu. Alitaka hasira yake imsaidie, akaitafuta, akakuta imechoka. Kilichobaki ni kitu alichokifahamu kuliko wote mtaani: mtu aliyeogopa.

Akatoka na kikapu, akakaa kwenye baraza ya jirani bila kukaribishwa. Akamshika ule mkono, akaufunua, akamtia sindano ya kufumia kati ya vidole viwili vigumu.

"Daktari alisema uvitumie, au hakusema?"

"Alisema," Msusi akajibu. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye uzi. "Mama Vitambaa, mimi..."

"Najua. Usikaze hivyo. Legeza. Huo ni uzi, si nywele za mtu, hautalia."

Kitambaa cha kwanza cha Msusi kilichukua muda mrefu kukamilika, na kilipinda kama njia ya mlevi. Alikileta mwenyewe kwa rafiki yake, amekikunja kwenye gazeti. Mama Vitambaa alikikunjua, akakisifia mno kuliko kilivyostahili, akakitandika juu ya meza.

"Mbona hukiweki kwenye friji?" akauliza Msusi. "Mpya hiyo, na bado iko uchi."

"Naogopa."

"Si tulisikia pale? Sheria imesema si kitambaa."

"Nimesikia. Lakini sheria hailali hapa," akasema Mama Vitambaa, akainuka kwenda kuangalia waya, akarudi, akakaa, kisha akainuka tena. Safari hii Msusi naye aliinuka, wakainama pamoja nyuma ya friji kutazama.